Metroni na Kambare wa Mtera

Metroni wetu hakuwahi kufanya jitihada yoyote ya kupendwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu alipendwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nacheka na wagonjwa, nawauliza habari za watoto waliowaacha nyumbani, nawafunika miguu vizuri asubuhi za baridi ya Juni. Yeye alipita wodini mara moja tu, mikono nyuma, amekunja uso kama mtu anayesikia harufu ya chungu kinachoungua, na shingo za wagonjwa zote zikamfuata kutoka mlango hadi mlango. Akishatoka walisema, "Leo Metroni amepita." Mimi niliyeshinda nao mchana kutwa sikuhesabiwa kuwa nimepita.

Nilifanya kazi chini yake katika hospitali moja ya pale Dodoma mjini, tangu nilipotoka chuoni nikiwa muuguzi wa daraja la chini kabisa hadi yeye alipostaafu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Wauza nyanya sokoni walimwita Metroni. Sheikh wa msikiti wa mtaani kwake alimwita Metroni. Hata sasa nikilikumbuka jina lile naona kama ni la mtu mwingine, mwanamke wa kawaida mwenye wajomba na mashangazi, wakati yeye nisingeweza hata kumfikiria akiwa mtoto wa mtu.

Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari. Katika ile miaka ya foleni, sukari ilipokuwa ikitafutwa kama dawa, wote tulijifunza kunywa chai kavu huku tukinung'unika. Kisha biashara zikafunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vitu hadi vikamwagika barazani: sabuni za kunukia, biskuti za nje, redio za kaseti, mitumba ya kuchagua. Sisi tulikimbilia sukari kama ng'ombe walioona chumvi. Yeye hakurudi. Nilipomuuliza sababu, alinitazama juu ya miwani akasema, "Mimi na sukari tuliachana kwa heshima. Siwezi kuirudia eti kwa kuwa imevaa mfuko mpya."

Ndivyo alivyozungumza. Maneno machache, na baada ya siku mbili tatu ungeyasikia kwa muuza mkaa. Mimi nilizungumza mengi na sijui mtu aliyewahi kurudia hata moja.

Ukali alikuwa nao. Mkasi ukipotea, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka upatikane, na yeye mwenyewe alipiga magoti akatafuta chini ya vitanda pamoja nasi. Shuka likikunjwa vibaya kwenye pembe alilitandua mbele ya mgonjwa, akakuachia ulitandike upya huku mgonjwa amekaa kwenye stuli anakutazama. Hakuachilia jambo. Kosa la mwaka juzi alilikumbuka na hali ya hewa ya siku hiyo.

Lakini kulikuwa na mambo mengine yasiyolingana na ukali huo. Ilikuwa miaka ambayo wagonjwa walianza kuambiwa waje na vifaa vyao wenyewe, na akina mama wa vijijini walifika wakiwa na uchungu na mikono mitupu. Alikuja mmoja kutoka upande wa Haneti, amesafiri juu ya lori la magunia. Metroni alimfokea: kwa nini amechelewa, kwa nini amekuja peke yake, hakuambiwa alete glovu? Alifoka tangu mlangoni hadi kitandani, na huku akifoka alikuwa anatoa mfukoni mwa gauni lake glovu, wembe mpya na kipande cha kanga, vitu alivyovinunua mwenyewe. Yule mama alijifungua mtoto wa kike, akamwita Metroni. Halikuwa jina la utani, ndilo lililoandikwa kliniki. Mimi ndiye niliyemshika mkono muda wote wa uchungu, nikamfuta jasho, nikamwimbia. Mtoto akaitwa Metroni.

Sasa kuna hili la kuvua. Kwetu Ugogo kitoweo ni mlenda, na nyama kwa mwenye ng'ombe. Samaki tulimjua akiwa amekauka, ameletwa na gari. Mwanamke wa mjini, mkuu wa wauguzi, kusimama kando ya maji na ndoana lilikuwa jambo la kushangaza. Alikuwa na ufito wa kuvulia uliotoka vipande vipande, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Aliachiwa na daktari mmoja mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Wenzake waliachiwa jokofu na viti. Yeye alipoulizwa anataka nini, alitaka ufito. Jumamosi asipokuwa zamu alikwenda Mtera, kwenye bwawa, kwa usafiri wowote uliopatikana, akarudi jioni na perege wachache wa kukaanga. Watu walimcheka, ila si mbele yake.

Huko nako alikuwa kinyume na alivyokuwa wodini. Yeye asiyeachilia mkasi wala kosa, samaki mkubwa alimwachilia. Wadogo wa kutosha sufuria aliwachukua. Akitoka mkubwa kweli kweli, alimtoa ndoana taratibu, akamshikilia majini mpaka apate nguvu, akamwacha aende zake. Wavuvi waliokuwa wakitazama walishika vichwa. Yeye alisema, "Mdogo ni kitoweo. Mkubwa ameshakuwa mwenyeji."

Maneno hayo sikuyasikia kwake. Niliyasikia kwa mume wangu, mezani, na hapo ndipo penye maumivu.

Lameck, mume wangu, alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Shirika lilipopunguza watu, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani mchana na kikombe chake cha chai na taulo la kufutia kioo. Kwa muda mrefu alikaa sebuleni akitazama ukuta. Nikimsemesha anajibu, lakini kama mtu anayejibu akiwa chumba cha pili. Baadaye akapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mambo yalipofunguka naye alifungua kila alichoweza. Alinunua pikapu ya kuleta samaki kutoka Mtera, akaanza na kujenga gesti kwa ajili ya wageni wa Bunge. Lameck akawa dereva wa pikapu, naye alimwita bosi wake tajiri, kama watu wengi walivyowaita waajiri wao.

Metroni alipopata habari aliniuliza kama mume wangu angeweza kumpa lifti ya Jumamosi. Nikasema hakuna tabu. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza Lameck aliondoka amevaa shati la kanisani kwa kumwogopa. Baada ya mwezi alikuwa anaondoka akipiga mluzi. Akisubiri wavuvi wapakie mzigo alikaa na Metroni, akajifunza kutia chambo, akajifunza kutupa mshipi. Akirudi jioni, chakula kikiwa bado cha moto, anaanza: Metroni anasema kambare husikia mtu akikohoa ufukweni. Metroni anasema mtu aliyepunguzwa kazi hajapunguzwa urefu. Hilo la mwisho alilisema huku akicheka peke yake, na mimi nilikuwa nimemwambia karibu hayo hayo, kwa miezi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kile kiti chake, na hakucheka.

Nieleweke. Sikushuku yale ambayo watu hushuku. Metroni angeweza kumzaa Lameck, na wote wawili walikuwa watu wa dini, kila mmoja na yake. Wivu wangu haukuwa na hata jina la kumpelekea mchungaji. Ningemwambia nini? Kwamba mume wangu amepona? Nilimhudumia yule mwanamume kama mgonjwa wangu wa pekee, na siku aliyotoka kitandani akasema Metroni amepita.

Kisha tajiri akapata wazo lake. Alikuwa ameona katika hoteli moja Dar es Salaam samaki mkubwa aliyekaushwa akapigiliwa kwenye ubao ukutani, akataka na gesti yake iwe na wa kwake, wa Mtera, wageni wakiingia tu wamwone. Aliwaambia wavuvi na akamwambia Lameck. Atakayemvua, picha yake itapigwa akiwa amemshika, itiwe kioo, itundikwe pembeni. Tangu siku hiyo Lameck alibadilika. Alinyoa ndevu bila kukumbushwa. Aliniomba nimpigie pasi shati la safari ya Mtera, safari ya kupakia samaki. Nilielewa. Tangu alipopunguzwa hakuna mtu aliyekuwa ametaka picha yake.

Mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na Jumamosi isiyo na zamu, nilimwambia na mimi naenda. Alishangaa, maana siku zote nilisema vumbi la njia ile linaniumiza kifua. Nikapika wali, nikaufunga kwenye sufuria kwa kitambaa, watoto nikawapeleka kwa bibi yao. Nilitaka kuona hicho wanachokiona.

Maji yalikuwa yamepungua sana. Miti iliyokufa bwawa lilipojazwa ilikuwa imesimama ndani, myeupe, ndege wamekaa juu yake. Tulikuwa watatu tu upande ule, wavuvi walikuwa mbali wakishusha nyavu. Metroni alikuwa amevaa gauni refu na viatu vya mpira, kanga kichwani, na nikamwona mara ya kwanza bila mikunjo ya uso. Adhuhuri ilipofika aliuegemeza ufito kwenye kijiti chenye panda, akatawadha kwa maji ya bwawa, akatandika mkeka, akaanza kuswali.

Ndipo ufito ukapinda.

Lameck aliuwahi kabla haujavutwa majini. Akageuka kumtazama Metroni, akaona mgongo wake umeinama, akafunga mdomo. Hakuweza kumwita. Alipambana peke yake, visigino vikichimba mchanga, mshipi ukilia. Metroni alimaliza swala yake bila kuharakisha hata neno moja. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akakunja mkeka, akauweka mahali pakavu. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mume wangu.

"Legeza," akasema.

"Nimelegeza."

"Kisiki."

"Nakiona."

Hayo tu. Walizungumza nusu nusu, kama watu waliozeeka katika nyumba moja, na mimi nimekaa na sufuria yangu ya wali. Nimeishi na Lameck tangu ujana na hatujawahi kuelewana kwa neno moja moja namna ile. Kwetu hata chumvi iliombwa kwa sentensi nzima.

Mwishowe Lameck aliacha ufito mikononi mwa Metroni, akaingia majini hadi mapajani, kwenye maji ambayo kila mtu alituonya kuwa yana mamba, akamkumbatia samaki akatoka naye. Alikuwa kambare. Kichwa kipana kama sinia, ndevu nene kama kamba za viatu, mgongo mweusi unaong'aa. Walipomlaza mchangani alikuwa mrefu kuliko binti yetu wa darasa la kwanza. Alikuwa anafungua kinywa na kuvuta hewa kama mtu, kwa sauti. Wakamtia kwenye pipa lililokatwa nusu, la kubebea samaki, wakalijaza maji. Ilibidi ajikunje ili aenee.

Walicheka wote wawili, wamelowa. Lameck alimtazama Metroni. Mimi nilisubiri anitazame na mimi.

"Haya, Lameck," Metroni akasema. "Tumemwona. Mrudishe."

"Hapana, Metroni."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimwambia Metroni hapana. Nadhani hata yeye hakuwa amesikia kwa miaka mingi, kwa sababu alivua miwani akaifuta. Walianza kubishana, kwa adabu mwanzoni. Yeye alisema ufito ni wake. Lameck akasema mikono ni yake. Yeye akasema samaki wa umri ule hajafika pale kwa bahati, ameziponyoka nyavu zote za Mtera, si haki aishie ukutani anatazamwa na watu wanaosubiri funguo za vyumba. Lameck akataja ahadi ya tajiri. Metroni akasema tajiri anunue picha ya mlima.

Hapo Lameck akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema polepole, akilitazama pipa. "Wewe, Metroni, kuna mtoto anaitwa kwa jina lako. Ukienda sokoni wanakupisha. Mimi nina nini cha kuonyesha?"

Nilishtuka. Siku zote nilidhani wivu ule nimekaa nao peke yangu katika nyumba yetu.

Metroni alivaa miwani yake, akanigeukia kama aliyekumbuka tu kwamba nipo. "Tumuulize mkeo," akasema. "Yeye hana upande."

Mimi, sina upande! Nilikuwa na upande tangu Jumamosi ya kwanza. Nilisimama na mwiko mkononi, wote wawili wakinitazama, na samaki akivuta hewa ndani ya pipa. Nilijua nikisema arudi majini, Metroni ameshinda, na yale mambo yao yatabaki kama yalivyo, matamu, hayana mwenye kuyagusa. Nikisema aende nyumbani kwetu, mume wangu atapata picha yake ukutani, na itakuwa mimi niliyempa. Na Metroni atakuwa amenyimwa kitu kimoja maishani mbele ya macho yangu. Yote hayo yalikuwa ndani ya neno moja, na hadi leo siwezi kuyatenganisha, lipi lilikuwa mapenzi na lipi lilikuwa kijicho.

"Aende nyumbani kwetu," nikasema. "Ni samaki wa Lameck."

"Haya," Metroni akasema. Akavua kanga ya kichwani, akabaki na kitambaa cheusi cha chini yake, akailowesha kanga bwawani na kumfunika nayo samaki. Kisha akapanda nyuma ya pikapu, akakaa kwenye gunia kando ya pipa, na ndoo ya maji miguuni. Lameck alimsihi akae mbele. Akasema samaki akifa njiani atakuwa amekufa bure, na hapendi vitu vya bure. Kwa hiyo mimi nilikaa mbele na mume wangu, mahali nilipopatamani. Njia nzima hadi tulipoiona milima ya Dodoma macho yake yalikuwa kwenye kioo, akimtazama mkuu wa wauguzi akimmwagia samaki maji kwa kikombe, amejaa vumbi hadi kope.

Kambare ni mvumilivu. Alifika hai. Tulimtia kwenye karo la kufulia uani, tukaziba tundu kwa tambara, na maji ya akiba tuliyoyakinga kwa shida wiki nzima yakaishia humo. Metroni alishuka, akakamua kanga yake, akaniambia asante kwa wali, akaenda kwake kwa miguu. Mtaa ulijaa. Walikuja majirani, wanakwaya, watu wa shirika la zamani la Lameck ambao walikuwa wameacha kutusalimia. Alisimulia na kusimulia. Tajiri naye alikuja jioni na mwanawe, akamzunguka samaki, akampa Lameck mkono mbele ya watu wote, akasema fundi wa kukausha na mpiga picha watakuja Jumatatu. Nilimwona mume wangu amesimama wima kama alivyosimama siku ya harusi yetu.

Jumapili alfajiri niliamka nikakuta kitanda kitupu upande wake. Alikuwa uani, ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anamtazama samaki. Kambare alikuwa amejibana kwenye pembe ya karo, pua imegusa saruji. Sijui alikaa pale tangu saa ngapi.

"Jana nilimtaka sana," Lameck akasema. "Leo namtazama, sijui nilimtakia nini."

Nikamuuliza kuhusu picha.

"Watu wameshaniona naye. Imetosha." Akainuka kwenye ndoo. "Nisaidie kumbeba."

Kitu cha kwanza kilichonijia, na nakisema kilivyo, ni kwamba anafanya hivyo kumfurahisha Metroni. Nikamuuliza kama tumpitie kwake njiani. Akanitazama kama ambaye haelewi swali. "Tumpitie wa nini? Twende mimi na wewe."

Tulikwenda mimi na yeye. Nilikaa nyuma, kwenye gunia, na kikombe. Jua lilinichoma, vumbi liliingia mpaka kwenye meno, kifua kikanibana kama nilivyojua kitabana, na sikukumbuka siku niliyokuwa na furaha kuliko ile. Nilimmwagia maji, nikamzungumzisha, nikamwimbia nyimbo zile zile ninazowaimbia wazazi wodini. Kila nilipoinua macho, niliyaona macho ya Lameck kwenye kioo. Mtera tulimbeba pamoja, mmoja kichwani mmoja mkiani, tukamshusha majini. Alitulia kidogo kati ya miguu yetu, ndevu zikitugusa, kisha akapiga mkia mara moja na maji yakatulia. Tulirudi na dirisha limefunguliwa, hatuzungumzi sana. Nilijiambia: hii ni yangu. Hii haina Metroni ndani yake.

Tajiri alimgombeza Lameck kwa sababu ya samaki na kwa sababu ya kuchukua pikapu siku ya mapumziko, lakini hakumfukuza. Alinunua samaki wa plasta, wa rangi ya buluu, asiyewahi kuonekana katika maji yoyote ya Tanzania, akamtundika mapokezi. Metroni hakuniuliza kitu. Asubuhi ya Jumatatu alipita wodini, mikono nyuma, akatandua shuka langu. Safari zao za Jumamosi ziliendelea hadi alipostaafu, akahamia Kondoa, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, na ufito wake.

Lameck alifariki kwa presha miaka mingi baadaye. Alianguka akiosha gari. Metroni hakuweza kuja kuzika, miguu ilikuwa imekataa, akatuma ujumbe kwa mtu wa basi kwamba nikipata nafasi niende. Nilichelewa kwenda. Nilikuwa nimemzika mume, sikuwa tayari kukaa na mtu mwingine aliyemjua.

Nilipokwenda, nilimkuta barazani, mwembamba, mtoto wa jicho yuko kwenye macho yote mawili. Alinitambua kwa mwendo. "Bado unaburuza mguu wa kulia," akasema kabla sijamsalimu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akamwambia binti aliyekuwa akimtunza alete chai. Akanipa pole kwa maneno machache ya dini yake, nikapokea. Tukanywa ile chai yake kavu. Kisha, sijui kwa nini, au labda najua, nikaamua kumpa siri yangu. Nilitaka ajue kwamba kulikuwa na Mtera ambayo yeye hakuwepo.

"Metroni," nikasema, "yule kambare hatukumkausha. Tulimrudisha. Mimi na Lameck."

"Najua," akasema. "Aliniambia Jumamosi ile iliyofuata. Hatukuwa tumefika hata kijiji cha Fufu njiani."

Nilikiweka kikombe chini. Miaka yote ile nilikuwa nimekifunga kitu kile kama dhahabu, na Lameck alikuwa ametoa nusu yake kabla ya wiki kwisha.

"Huyo samaki Lameck alimtaja kidogo tu," Metroni akaendelea, akitazama mahali ambapo sikuwepo. "Alinieleza habari zako wewe. Kwamba ulikaa nyuma juani na kifua chako hicho kibovu. Kwamba ulikuwa unamwimbia samaki, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, na kila akitazama kioo anakosea njia. Akaniambia, 'Metroni, nilikuwa nimesahau nimeoa nani.'"

Nilikiinua kikombe, nikakirudisha chini bila kunywa.

"Na haikuwa siku hiyo tu. Kila Jumamosi ilikuwa wewe. Umepika nini, umekasirika vipi, umemwambia nini alipokuwa amekaa kwenye kile kiti baada ya kupunguzwa. Hayo ya kwenye kiti aliyakariri kama sala. Mimi nakwenda Mtera kutafuta utulivu, napelekewa redio. Kuna siku nilitamani anishushe njiani."

Lameck hakuwahi kuniambia maneno kama hayo. Kwangu alisema chakula kizuri, au chumvi imezidi, na alipofurahi sana alinitengenezea jiko bila kuombwa. Na huyu mwanamke, aliyekuwa na kila kitu, alikuwa nayo hata maneno haya. Aliyasikia kwa sauti ya mume wangu, gari likienda, dirisha limefunguliwa, tena akachoka kuyasikia. Wivu ulinipanda pale barazani Kondoa kama siku ya kwanza, na zaidi, kwa sababu safari hii nilijua kabisa ninamwonea nini.

Adhana ya alasiri ilianza kwenye msikiti wa jirani. Binti alikuja kumsaidia kuinuka, basi langu la mwisho la Dodoma lilikuwa karibu kuondoka. Nilimwambia binti aniachie mimi. Nilimpeleka kutawadha, nikamtandikia mkeka, nikakaa nyuma yake nikimsubiri. Alipomaliza nilimrudisha kwenye kiti, nikausogeza wangu hadi magoti yetu yakagusana.

"Basi litakuacha," akasema.

"Liache liende," nikamwambia. "Anza tena, Metroni. Tangu alipokupitia nyumbani asubuhi ile. Usiruke neno."